Kakula hela yako India: umfungulie jinai au umdai kwa madai? Namna Mahakama Kuu ya kule inavyoamua kila moja

Watu wanaofanya biashara na India wakishadhulumiwa, kitu cha kwanza wanachotaka ni polisi, yaani jamaa akamatwe leo, alale ndani, akitoka huko atalipa mwenyewe bila kuulizwa. Hasira hiyo naielewa kabisa. Ila kwa India njia hiyo ina mtego na mtego wenyewe uko Mahakama Kuu, kwa sababu huko ndo mshtakiwa atakimbilia mapema tu kuomba kesi ifutwe, na majaji wa kule wameshaona madeni mengi mno yakiletwa kwa jina la jinai, hawadanganyiki kirahisi. Kwa hiyo kabla hujachagua, angalia kwanza Mahakama Kuu inasomaje jinai na inasomaje madai, halafu ujiulize makaratasi yako wewe yanafanana na ipi.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome kwa kunitegea: kama unachotaka ni hela, anza na madai ya kibiashara. Jinai iongezee tu pale ambapo uongo ulianza siku ya kwanza, kabla hujatoa hata senti. Cheki iliyorudi ni habari ya tatu, nitaifikia.

Tuchukue mifano miwili tutembee nayo. Wa kwanza ni muuzaji wa korosho wa Mtwara, kapeleka korosho ghafi Tuticorin, mji wa bandari kusini mwa India, mnunuzi kalipa nusu, nusu iliyobaki kila siku ana neno, mara bei imeshuka, mara mzigo una unyevu, mara subiri mwezi ujao. Wa pili ni mtu wa Kariakoo kamtumia sapulaya wa Gujarat advansi ya mashine za kukamua alizeti, kaletewa picha, kaletewa mpaka hati ya mzigo wa meli, mashine hazikuja na ile hati ukiiulizia kwa kampuni ya meli wanakwambia namba hiyo hawaijui. Wote wawili wamepoteza hela, wote wawili wanamwita mwenzao mwizi. Mbele ya Mahakama Kuu hawa ni watu wawili tofauti kabisa.

Kwanza, Mahakama Kuu ipi?

India ina Mahakama Kuu 25, sio moja. Tatu za mwanzo, Calcutta, Bombay na Madras, zilianza 1862. Mtu wa korosho za Tuticorin ataangukia Mahakama Kuu ya Madras, tena tawi lake la Madurai ambalo lipo tangu 2004, wa mashine ataenda Ahmedabad iliko Mahakama Kuu ya Gujarat, na kama mnunuzi wa korosho angekuwa Kollam basi ingekuwa Kerala, kule Kochi. Kwa wanaopenda historia, enzi za mkoloni rufaa kutoka mahakama ya konseli wa Kiingereza Zanzibar zilikuwa zinavuka bahari kwenda Mahakama Kuu ya Bombay, kwa hiyo kushtakiana kule sio jambo jipya kwetu. Na wakili wako wa Dar hatapotea sana akiona makaratasi ya kule, maana sheria ya mikataba ya Tanzania chimbuko lake ni ile ya India ya 1872, na sheria yetu ya mwenendo wa madai ya 1966 ilichukua nafasi ya ile ya India ya 1908 ikabaki na sura yake kwa sehemu kubwa.

Unaingilia wapi

Jinai inaanza polisi kwa FIR, ile taarifa ya kwanza, kwetu ni kama kufungua RB ila yenyewe ina uzito zaidi maana ndo inayoanzisha upelelezi rasmi. Haina ada. Ukiandikisha FIR kesi sio yako tena, ni ya serikali dhidi ya fulani, mwendesha mashtaka wa serikali ndo anaiendesha na wewe unabaki mlalamikaji na shahidi. Hapo wengi hawajipangi: siku ukitaka kuachana na kesi kwa sababu jamaa kakulipa, huwezi tu kusema basi, kuna taratibu zake.

Polisi wakikataa kuandika? Watu wanakimbilia Mahakama Kuu moja kwa moja na mara nyingi wanarudishwa, majaji wanakwambia nenda kwa mkuu wa polisi wa wilaya, akikataa nenda kwa hakimu, yeye ana mamlaka ya kuamuru upelelezi. Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa India iliyo juu ya Mahakama Kuu zote, ilishalisema hilo 2008. Na ilipoamua 2013 kwamba polisi lazima waandike FIR pale taarifa inapoonyesha kosa linaloruhusu kukamata bila hati, iliacha kamwanya: kwenye migogoro ya kibiashara wanaweza kwanza kufanya uchunguzi mdogo. Yaani hata polisi wenyewe wameambiwa wawe na wasiwasi na kesi za aina yako.

Halafu kuna suala la namba za vifungu, limewachanganya hadi mawakili. Tangu tarehe 1 Julai 2024 India imeacha Kanuni ya Adhabu ya 1860, wanatumia Bharatiya Nyaya Sanhita, mwenendo wa jinai ni Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita na ushahidi ni Bharatiya Sakshya Adhiniyam. Ile 420 ya utapeli, ambayo hata wapenzi wa picha za Kihindi huku kwetu wanaijua, sasa ni 318(4), kifungo hadi miaka 7. Kwenye mwenendo wa jinai, maombi ya kufuta kesi yalikuwa kifungu cha 482 cha sheria ya zamani, sasa ni 528, na 482 ya sheria mpya ni dhamana ya kabla ya kukamatwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "wamefungua 482" muulize ya sheria ipi, tofauti yake ni mbingu na ardhi.

Madai yenyewe unafungua wewe, unalipa ada wewe, unaongoza wewe. Mgogoro wa kibiashara wa kuanzia rupia laki 3 unaenda mahakama ya kibiashara, na kama huombi amri ya dharura lazima upitie usuluhishi kwanza, Mahakama ya Juu ilisema 2022 kwamba hiyo sio hiari, ukiruka hati yako ya madai inakataliwa. Kwa sehemu kubwa ya India unaanzia ngazi ya wilaya, ila Bombay, Calcutta, Madras na Delhi zina upande wa kusikiliza madai makubwa kuanzia mwanzo, kwa Delhi ni yale yanayozidi rupia milioni 20. Kizuri cha mahakama za kibiashara ni saa: mdaiwa ana siku 30 za kuleta utetezi wake wa maandishi, anaweza kuongezewa hadi zifike 120, zikipita hizo mlango umefungwa, jaji hana huruma ya kuongeza hata siku moja. Kwa wanaojua kesi za madai za India zinavyokwenda, hii sio kitu kidogo.

Jaji anavyoisoma FIR yako

Hapa tukae kidogo maana ndo pana nyama.

Mshtakiwa akishasikia kuna FIR, wakili wake anafanya mambo mawili Mahakama Kuu. La kwanza ni dhamana ya kabla ya kukamatwa, na kwa makosa ya kifungo kisichozidi miaka 7 Mahakama ya Juu ilishaweka 2014 kwamba polisi wasikamate ovyo, wampe mtu notisi ya kufika kwanza. Kwa hiyo ile ndoto ya jamaa kulala ndani wiki hiyohiyo, kwa kosa la utapeli, mara nyingi inabaki ndoto. La pili ndo kubwa, anaomba FIR ifutwe.

Kwenye maombi ya kufuta jaji hasikilizi mashahidi. Anachukua FIR yako kama ilivyo, anajifanya kwamba kila ulichoandika ni kweli tupu, halafu anauliza: haya, hata kama yote ni kweli, kuna kosa hapa? Mwongozo unaotajwa mpaka leo ni wa kesi ya serikali ya Haryana na Bhajan Lal, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa jimbo hilo, imechapwa kwenye ripoti za 1992, mle kuna hali saba ambazo Mahakama Kuu inaweza kufuta, na mojawapo ni pale maelezo yenyewe hata ukiyakubali yote hayatoi kosa lolote.

Sasa weka FIR ya mtu wa korosho kwenye meza hiyo. Ameandika walikubaliana bei, mzigo ukapokelewa, nusu ikalipwa, nusu haijalipwa, ameahidiwa mara nyingi, anazungushwa. Jaji anasoma mpaka mwisho anatafuta kitu kimoja, nia ya kudanganya wakati mkataba unafungwa. Haipo. Tena ile nusu iliyolipwa inamuumiza mlalamikaji, maana mtu aliyekusudia kula hela tangu mwanzo asingelipa nusu, au ndivyo wakili wa upande wa pili atakavyosema na jaji atatikisa kichwa kukubali. Kushindwa kulipa baadaye sio utapeli, ni kuvunja mkataba, nenda mahakama ya madai. FIR inafutwa, mwaka umepita, na ada ya wakili wa Madurai umeshalipa.

Chukua sasa ya mtu wa Kariakoo. Tarehe 3 kaletewa picha za mashine akaambiwa ziko stoo, tarehe 5 katuma hela, tarehe 20 kaletewa hati ya mzigo ambayo ni ya kughushi. Hapo uongo uko kabla ya hela kutoka, na baada ya hela kuna hati feki ambayo ni kosa lingine lenyewe. Jaji hafuti hiyo, na Mahakama ya Juu 2021 ilizikumbusha Mahakama Kuu zisiwe na tabia ya kusimamisha upelelezi unaoanza wala kutoa amri za kumlinda mshtakiwa bila sababu za maana. Kwa hiyo mpangilio wa tarehe kwenye maelezo yako ndo roho ya kesi. Meseji za WhatsApp zenye tarehe, imeili, risiti ya benki, panga kwa mfululizo, uongo kwanza halafu malipo. Ukiandika FIR kwa hasira ukaanza na "ni tapeli mkubwa" na tarehe ukazisahau, umemrahisishia kazi wakili wa mwenzako.

Mambo haya hayajatulia hata huko kwao. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ililalamika waziwazi kwamba wafanyabiashara wanageuza madai kuwa jinai kwa sababu wanaona madai yanachelewa, na Aprili 2025 jaji mkuu wa wakati huo Sanjiv Khanna alilikemea jimbo la Uttar Pradesh kwa jambo hilohilo. Miaka karibu 20, kilio kilekile.

Na mkipatana? Kwa kesi zenye sura ya biashara Mahakama Kuu inaweza kufuta jinai kwa sababu pande zimeelewana, uamuzi wa 2012 unaruhusu hata kwa makosa ambayo kisheria hayasuluhishiki, ila sio mauaji, sio ubakaji, sio ujambazi. Kwa ukweli mtupu hapa ndo njia ya jinai inapolipa: mshtakiwa anakuja na rasimu ya makubaliano, analipa, mnakwenda wote Mahakama Kuu na viapo vyenu, kesi inafutwa. Inatokea. Ila ukijenga mpango wako wote juu ya kutisha, na jaji akanusa kwamba FIR ni ya kukusanyia deni, unapoteza vyote.

Na madai yakifika kwake

Huku swali sio alikusudia nini, swali ni nani ana karatasi nzuri zaidi. Kwenye jinai lazima ithibitike bila kuacha shaka ya msingi, kwenye madai inapimwa kwa uwezekano, upande upi una uzito kuliko mwingine, basi. Muuzaji wa korosho ambaye FIR yake imetupwa kule, na karatasi zilezile, huku anaweza kushinda vizuri tu: mkataba upo, hati ya mzigo ipo, cheti cha ubora kabla ya kusafirisha kipo, imeili ya mnunuzi anaomba muda wa kulipa ipo. Ile imeili ya kuomba muda ni dhahabu, kwenye jinai haina kazi, kwenye madai ni kukiri deni na inaweza hata kuanzisha upya hesabu ya ukomo wa muda kama ina sahihi na imeandikwa kabla muda haujaisha.

Kuna na njia ya mkato, Oda ya 37 ya sheria yao ya mwenendo wa madai, kwa deni la kiasi kinachojulikana lililoko kwenye mkataba wa maandishi, hundi au cheki. Mdaiwa hana haki ya kujitetea moja kwa moja, lazima aombe ruhusa, akikosa utetezi wa maana hukumu inatoka. Kama makaratasi yako ni safi mwambie wakili aanze kuifikiria hiyo.

Zuio nalo lina vipimo vyake vitatu ambavyo mawakili wa huku wanavijua kwa moyo: kuna hoja ya kusikilizwa, nani ataumia zaidi, na je madhara yanaweza kulipika kwa pesa. Hicho cha tatu kinawaangusha wadai wengi wa hela, maana deni ni hela na hela inalipika. Kushikilia mali ya mdaiwa kabla ya hukumu kunawezekana lakini uonyeshe kwamba anauza au anahamisha mali ili hukumu isikute kitu, maneno matupu hayatoshi.

Ubaya wa madai tuuseme: kushinda ni nusu ya safari, kukazia hukumu ndo mlima. Na usitegemee kumfunga mdaiwa kwa sababu hajalipa, Jaji Krishna Iyer aliandika 1980 kwamba mtu hafungwi kwa umaskini wake tu, kifungo cha madai kipo ila uonyeshe ana uwezo na anakataa kwa ujeuri. Ndo maana kabla ya kufungua kesi mtu mwenye akili anatafuta kwanza kama jamaa ana kiwanda, ana akaunti, ana jengo. Kama hana kitu, madai hayana maana na jinai itakupa kuridhika moyo tu.

Kwenye rufaa ndo sura mbili zinaonekana vizuri

Kuna tofauti ndogondogo ambazo hazisemwi sana na mimi naziona ndo zinaonyesha jinsi Mahakama Kuu inavyojiona ikiwa na uhuru wa mtu mkononi na ikiwa na hela mkononi.

Mrufani asipotokea siku ya kusikilizwa. Kwenye madai rufaa inatupwa kwa kutohudhuria, uombe irudishwe na utoe sababu. Kwenye jinai haiwezi kutupwa hivyo, tangu uamuzi wa 1996 majaji lazima wafungue jalada lenyewe wasome ushahidi na waamue kwa haki, na kama mtu yuko gerezani hana wakili wanaweza kumteulia.

Mrufani akifa. Madai yanaendelea, warithi wana siku 90 kuingia kwenye jalada. Jinai inakufa naye, isipokuwa rufaa ya faini, au ndugu wa karibu waombe ndani ya siku 30 kuiendeleza ili jina la marehemu lisafishwe.

Majaji wawili wakigawanyika, hii naipenda. Kwenye jinai anaitwa jaji wa tatu na maoni yake ndo yanayoamua. Kwenye madai kanuni ya jumla ni kwamba wakilingana hukumu ya chini inabaki ilivyo, labda wawe wametofautiana kwenye hoja ya sheria wakaipeleka kwa wenzao, na zile Mahakama Kuu za zamani zina hati zao za kuanzishwa zinazosema vingine. Yaani kwenye deni mfumo uko tayari kuishi na sare, kwenye kifungo hauko tayari.

Hukumu ya kifo ndo mwisho wa yote: mahakama ya Sessions, ile ya jinai iliyo kati ya hakimu na Mahakama Kuu, ikiitoa haitekelezwi mpaka Mahakama Kuu iithibitishe, na wanakaa majaji wasiopungua wawili, hata kama mshtakiwa mwenyewe hakukata rufaa. Wanapitia ushahidi wote upya. Na mtu akiwa ameachiwa huru chini, Mahakama Kuu inasitasita sana kumtia hatiani, ushahidi ukiruhusu maoni mawili linachukuliwa lile linalomfaa mshtakiwa.

Linganisha na rufaa ya pili ya madai, kesi ya shamba kwa mfano: hapo Mahakama Kuu haigusi ukweli wa nani kalima wapi, tangu mabadiliko ya 1976 inasikiliza tu hoja nzito ya kisheria, na hoja hiyo lazima iandikwe na mahakama yenyewe rufaa inapopokelewa. Hakuna hoja, hakuna rufaa, hata kama wa chini walikosea ukweli. Rufaa ya kwanza ndo inagusa ukweli na sheria vyote.

Kwa kesi ya utapeli wa aina yetu tahadhari: husikilizwa na hakimu, rufaa yake inaenda Sessions, Mahakama Kuu unaiona kwa mapitio tu, na kwenye mapitio hairuhusiwi kugeuza kuachiwa huru kuwa hatia. Inaweza kurudisha kesi isikilizwe upya, basi. Kwa hiyo ukishindwa chini kwenye jinai, matumaini yako juu ni membamba kuliko ukishindwa kwenye madai.

Na muda, andika mahali: rufaa ya jinai kwenda Mahakama Kuu siku 60, ya hukumu ya kifo 30, ya madai ya kawaida 90, ya mahakama ya kibiashara 60. Hiyo ya mwisho inawaponza watu wanaodhani wana 90.

Cheki iliyorudi

Kama mnunuzi alikupa cheki na benki imeirudisha, una kitu cha katikati, kifungu cha 138 cha sheria ya hundi ya 1881. Ni jinai kwa jina, kifungo hadi miaka 2 au faini hadi mara mbili ya cheki, lakini Mahakama ya Juu 2021 iliiita kondoo wa madai aliyevaa ngozi ya mbwa mwitu wa jinai, na ni kweli, lengo lake ni ulipwe. Raha yake ni kwamba nia ya kudanganya haitakiwi, sheria inachukulia cheki ilitolewa kwa deni halali mpaka aliyeiandika athibitishe vingine. Na tangu 2018 hakimu anaweza kuamuru mshtakiwa alipe hadi asilimia 20 ya cheki kabla hata kesi haijaisha, na akikata rufaa baada ya kutiwa hatiani aweke angalau asilimia 20 ya faini au fidia.

Masharti yake ni makali kwa siku. Cheki iwasilishwe ndani ya miezi 3, benki ikirudisha unatuma notisi ya maandishi ndani ya siku 30 tangu upate taarifa, mwenzako ana siku 15 za kulipa, zikipita una mwezi mmoja wa kufungua malalamiko. Mahakama Kuu ikipelekewa maombi ya kufuta kesi ya 138 kitu cha kwanza inachoangalia ni hizo tarehe, na ukweli wa deni kwa kawaida inasema utajadiliwa kwenye kesi yenyewe. Kwa mtu wa korosho mwenye cheki mkononi, mimi ningefungua 138 pamoja na Oda ya 37, zote mbili, na FIR nisingeigusa.

Kwenda njia mbili kwa pamoja kunaruhusiwa, kilichoamuliwa kwenye moja hakiifungi nyingine moja kwa moja. Ila chunga maneno yako: ulichoapa kwenye madai kitasomwa kwenye jinai. Ukisema kule "walikuwa wanalipa vizuri miaka miwili" halafu huku unasema "walipanga kuniibia tangu mwanzo", umejichongea mwenyewe.

Ukiwa huku wao wako kule

Mgeni kutoka nchi isiyo na vita na India anaruhusiwa kudai mahakamani kama raia, kifungu cha 83 cha sheria ya mwenendo wa madai. Lakini Oda ya 25 inampa jaji uwezo wa kukuamuru uweke dhamana ya gharama kwa kuwa unaishi nje na huna ardhi wala nyumba kule, na wakili wa mdaiwa ataomba hilo mapema ili akuchoshe. Iweke kwenye bajeti. Ada ya mahakama ya madai inategemea jimbo na ukubwa wa dai, muulize wakili kabla hujakubali kiasi cha kudai, wakati mwingine kupunguza riba uliyoidai kunapunguza ada.

Sio lazima uende mwenyewe, unampa mtu hati ya uwakilishi iliyothibitishwa kwa mthibitishaji au ubalozi wa India, ikifika India igongwe stempu ndani ya miezi 3. Kwenye jinai hii haikusaidii sana, shahidi ni wewe, utahojiwa wewe, ingawa video inazidi kukubalika.

Ndugu zetu walioko Dubai wana kitu ambacho sisi hatuna: tangu Januari 2020 India inazitambua hukumu za mahakama za Falme za Kiarabu, kwa hiyo mkataba ukiandikwa migogoro isikilizwe Dubai, hukumu unaweza kuipeleka ikakaziwa na mahakama ya wilaya India kama yao. Kama mkataba una kifungu cha usuluhishi wa baraza, yaani arbitration, hiyo habari ni nyingine kabisa, mahakama itakurudisha huko na Mahakama Kuu utaenda kwa mambo machache tu, kama kuomba ulinzi wa muda.

Ukishapata namba ya kesi unaweza kuifuatilia kwenye mfumo wa eCourts bila kumsumbua wakili. Kwa Delhi kwa mfano, herufi za mwanzo zinakwambia uko wapi: CS(COMM) ni dai la kibiashara, RFA ni rufaa ya kwanza ya madai, CRL.M.C. mara nyingi ni mtu anaomba jinai ifutwe. Ukiona wakili wako anakwambia kesi inakwenda vizuri na kwenye mfumo kuna CRL.M.C. yenye jina la mwenzako, muulize, maana Mahakama Kuu zote kwa pamoja zina mashauri zaidi ya milioni 6 yanayosubiri na amri moja ya kusimamisha kwa muda inaweza kukaa humo miaka.

Na kabla hujatuma hela ya wakili, tafuta siku ambayo malipo yalitakiwa kufanyika. Dai la hela ya mkataba India lina ukomo wa miaka 3, zikipita jaji anaitupa hata kama mdaiwa hajalisema. Ukikuta umebakiwa na miezi miwili usianze na polisi, wala usihesabu muda utakaopotelea kwenye FIR kama utarudishiwa.